Baraka ya Roketi ya Karatasi

Roketi ilifika Bukavu ndani ya kontena la masista, pamoja na atlasi za zamani, magodoro na hadubini moja isiyo na lenzi. Parokia fulani ya Ubelgiji ilikuwa imekusanya vitu vya kuisaidia lise, yaani shule ya sekondari, ya wasichana, na mtu huko alikuwa ametia kwenye sanduku kifurushi cha watoto wanaoanza kujifunza kurusha roketi: bomba la karatasi ngumu, mapezi matatu ya mbao nyepesi, kichwa cha balsa, ambayo ni mbao laini kama kizibo, parashuti nyekundu, na injini mbili za baruti, kila moja na urefu wa kidole. Masista hawakujua ni nini. Wakampa Priscille Nabintu, mwalimu wa fizikia, kwa sababu kila kitu chenye waya na kisichoeleweka kilipelekwa kwake.

Priscille alisoma mwongozo mpaka mwisho, akaurudia, kisha akaenda kumtafuta Cyprien Zagabe.

Cyprien aliuza saruji, na alikuwa mwenyekiti wa komite ya wazazi. Tangu mwaka uliopita alikuwa akitaka labo, yaani maabara ya shule, igeuzwe ukumbi wa harusi. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Chumba kilikuwa kikubwa, madirisha yake yalitazama ziwa, na watu wa Bukavu hulipa vizuri ili bibi arusi apigwe picha penye maji nyuma yake. Kilichokuwamo ndani kilikuwa masinki ya kauri yasiyotoa maji, mabomba ya gesi ambayo hakuna mwalimu aliye hai aliyewahi kuyaona yakiwaka, mizani mbili, na sanduku la prismu. Lakini katika ripoti ya kila mwaka mkaguzi aliandika kwamba labo ipo, na kwa ajili ya neno hilo moja seksheni ya sayansi iliendelea kuruhusiwa. Labo ikiondoka, seksheni ingefungwa, na wasichana waliotaka fizikia wangebaki na kushona au biashara.

Cyprien alikuwa dukani kwake, ameketi juu ya mifuko ya saruji iliyosubiri lori la Kamituga.

"Madame Priscille, karibu. Umekuja kunigombanisha tena?"

"Hapana, papa Cyprien. Mwaka jana ulisema mbele ya wazazi wote: muniletee kitu kimoja chenye kilitoka mule labo."

"Nilisema. Na mupaka leo hakuna."

"Nitakuletea. Siku ya sikukuu ya shule, kisha misa kuisha. Ila haitabakia ku meza."

"Itaenda wapi?"

"Juu."

Cyprien alicheka, lakini akataka aelezwe, na alipoelezwa aliuliza maswali mazuri: inapanda kiasi gani, inarudi vipi, nani ataikamata. Priscille alimjibu lolote aliloliuliza. Mwishowe Cyprien akapangusa vumbi la saruji mikononi.

"Sawa. Komite itakutana kisha sikukuu kupita. Wazazi baone hiyo kitu yako ikipanda, na mimi sitasema tena neno ya ukumbi. Isipopanda, usinililie."

"Sijawahi kukulilia."

"Njo hiyo shida yako," alisema Cyprien.

Priscille aliijenga roketi humo labo, saa za mchana, pamoja na Larissa, mwanafunzi wa mwaka wa tano ambaye alikuwa na mkono mtulivu kuliko wenzake na mdomo usiotulia kabisa. Priscille hakuharakisha. Aliweka alama za mapezi kwa kuzungushia bomba ukanda wa karatasi, akayagundisha moja moja kwa gundi nyeupe ya fundi seremala, akisubiri moja likauke kabla ya kugusa jingine. Pezi likikaa upande, alisema, roketi itapanda kama mlevi anayerudi nyumbani.

"Madame, hii kitu njo itafika ku mwezi?"

"Itafika ku mita cent vingt. Ikifika ku mwezi nitakupa vingt sur vingt, alama zote, bila kuandika mtihani."

"Na ikirudi, inarudi na nguvu?"

Hapo ndipo Priscille aliposimamisha kazi, akamweleza kama anavyoeleza ubaoni. Injini inawaka, roketi inapanda. Moto ukiisha, roketi inaendelea yenyewe kwa muda mfupi, na ndani ya injini kuna baruti kidogo inayongoja zamu yake. Zamu ikifika, baruti hiyo inalipukia mbele, inasukuma kichwa kitoke, na kichwa kikitoka kinaivuta parashuti. Roketi yote ina uzito wa yai. Yai linaloteremka na parashuti halimdhuru mtu. Yai linaloanguka kutoka mita mia moja na ishirini, lenye ncha, ni jambo jingine.

"Kwa hiyo kazi yote iko mu kichwa," alisema Larissa.

"Iko hapa." Priscille alimwonyesha shingo ya kichwa cha balsa, pale inapoingia ndani ya bomba. "Ikilegea, itaanguka mbele ya wakati. Ikikaza, haitatoka. Inapaswa kutoka kwa vidole viwili."

Waliisugua shingo ile kwa msasa laini, wakijaribu, wakisugua, wakijaribu tena. Ilipokuwa tayari, Priscille aliinua roketi kichwa chini na kichwa hakikuanguka. Akakivuta kwa vidole viwili na kikatoka bila sauti.

Katika barua ya kuomba ruhusa ya mtaa aliandika "chombo cha karatasi cha mafunzo". Hakuandika roketi. Katika mji huu roketi ni kitu ambacho askari hubeba begani, na hakuna karani ambaye angeweka muhuri chini ya neno hilo.

Wakatumia injini ya kwanza alfajiri moja, wao wawili tu, kwenye uwanja wa mpira chini ya shule. Ilipanda wima, ikasimama hewani kama inayofikiri, kisha kitu chekundu kikafunguka na roketi ikateremka polepole hadi kwenye migomba ya jirani. Larissa alikimbia kuichukua. Priscille alibaki pale pale. Alikuwa amefundisha sheria ile ya mwendo kwa miaka kumi na minane, kwa chaki, na hakuwahi kuiona ikifanya kazi mbele ya macho yake.

Ikabaki injini moja.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mwongozo wa Ulaya haukulitaja, naye alilifikiria mapema. Bukavu hakuna kitu kipya kinachoanza kazi bila maji ya baraka. Pikipiki hubarikiwa, friji hubarikiwa, mashine ya kusaga mihogo na injini ya mtumbwi hubarikiwa, na padri anayenyunyiza matone machache husemwa kuwa ni mchoyo. Priscille akaenda parokiani kuzungumza na Abbé Blanchard, ambaye ndiye angesoma misa ya sikukuu. Walikuwa wamefahamiana miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, na aliipenda labo, au angalau aliwapenda wanaoipenda.

"Monsieur l'abbé, nina ombi. Ile siku, ubariki kwa maneno na mukono. Bila maji."

"Maji ilikukosea nini?"

"Ni karatasi na balsa. Balsa inakunywa maji na inavimba. Ikivimba, parashuti haitoki."

"Gari ya Cyprien niliimwangia ndoo nzima, haikuvimba."

"Ilikuwa chuma."

Abbé Blanchard akacheka. "Sawa, mwalimu. Maneno na mukono. Mungu haiko muuza maji."

Siku ya sikukuu, Jumamosi, jua lilitoka mapema na upepo wa ziwa ulikuwa mdogo. Baada ya misa watu waliteremka uwanjani: wazazi, masista, wanafunzi wote kwa sare, kwaya na ngoma zake chini ya turubai. Priscille alikuwa amechora mstari wa chokaa ambao mtu hakupaswa kuuvuka. Roketi ililala juu ya meza yenye kitambaa cheupe ambacho hakukiomba. Maua pia hakuyaomba.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kavumu kwa basi la kwanza. Maman Georgette alilima maharagwe karibu na uwanja wa ndege, na maisha yake yote alikuwa ameona vyombo vikipanda na kushuka bila kuamini hata kimoja. Usiku Priscille alipompigia simu kumweleza kuhusu sikukuu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama padri atakuwepo. Priscille alijibu kwamba atakuwepo. Hakumweleza mengine, kwa kuwa hakuona haja.

Abbé Blanchard aliinua mkono juu ya meza, akasoma sala fupi, akafanya ishara ya msalaba. Watu wakasema amina. Kisha hawakuondoka. Wakabaki wamesimama wakimtazama padri, kama watu waliopewa sahani bila chakula.

"Na maji, mon père?" aliuliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Tumesha bariki," alisema Abbé Blanchard.

"Kavu hivi?"

Kicheko kidogo kikapita. Abbé Blanchard alimtazama Priscille, naye Priscille akafungua mdomo aeleze. Kabla hajasema neno, mama yake alikuwa amekwisha pita katikati ya watu, ameshika kidumu cha njano kwa mikono miwili.

"Iko maji, padri. Ya Pasaka. Nilitoka nayo Kavumu. Ni kitu ya mutoto wangu inaenda juu, haiwezi enda kavu."

Akina mama walipiga vigelegele. Mmoja alishaleta beseni, mwingine alikata tawi la msipresi kwenye ua wa shule. Abbé Blanchard alisimama na tawi mkononi. Kusema hapana mbele ya wazazi mia tatu, kwa mwanamke mzee aliyebeba maji ya Pasaka mapajani kutoka Kavumu, kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa kwamba maji haya yanadhuru. Alilitumbukiza tawi. Alinyunyiza mara ya kwanza kwa uangalifu, pembeni. Kisha vigelegele vikaongezeka, na mkono wake ukarudia kazi uliyoizoea.

Maji yalitiririka juu ya bomba na kuingia pale kichwa kinapokutana na karatasi.

Priscille alivuta ncha ya kitenge chake na kuanza kuipangusa roketi. Vigelegele vilikatika. Watu walimwona akipangusa, na kila mmoja alielewa kitu kile kile.

"Madame," alisema Cyprien, bila kupaza sauti, maana hakuhitaji, "baraka ya bantu ya Kavumu umeona ni buchafu?"

Watu wakacheka. Maman Georgette hakucheka. Alikuwa bado ameshika kidumu kitupu, akitazama viatu vyake, vile vya sikukuu.

Priscille akaachia kitenge.

"Tungoje kidogo ikauke," alisema.

"Ikauke wapi tena? Niko na harusi kule Nguba," alisema Cyprien. "Lakini ngoja niseme neno, itakuwa inakauka wakati ninasema."

Neno la Cyprien lilikuwa refu. Aliwashukuru masista, aliwashukuru wazazi, alikumbusha michango, alieleza saruji itakayohitajika kwa ukuta wa chini. Muda wote huo roketi ililala kivulini chini ya maua, juu ya kitambaa kilicholowa, ikinywa.

Alipoichukua mwishowe, Priscille alitazama kwanza kiwashio na injini. Vilikuwa vikavu, baruti ilikuwa upande wa nyuma, ambako tawi halikufika. Aliisimamisha kwenye fimbo yake ya kurushia, mgongo wake ukiwa kwa watu, na akakishika kichwa kwa vidole viwili. Hakikutoka. Alivuta kwa nguvu zaidi na kuhisi mdomo wa karatasi ukianza kuchanika, akaacha.

Alikuwa na nafasi ya kufikiri, na alifikiri vizuri. Kichwa kimekaza. Inawezekana baruti ikakisukuma hata hivyo, inawezekana isikisukume. Ikishindwa, roketi itarudi kwa ncha. Upepo unatoka ziwani, kwa hiyo itaelekea mlimani, juu ya ukuta, ambako kuna vichaka. Uwezekano wa kuanguka penye mtu ni mdogo. Akiahirisha, itabidi aseme kwa nini. Na siku nyingine wazazi hawatakuwepo, komite itakuwa imekutana, na labo itakuwa imekwenda. Wazazi wanangoja kuiona ikipanda. Hakuna aliyeahidiwa kuiona ikishuka.

Abbé Blanchard alisogea karibu. "Iko sawa?"

"Itapanda," alisema Priscille.

Lilikuwa jibu la kweli.

Larissa alishika kibonyezo na kuhesabu kwa Kifaransa, na shule nzima ikahesabu pamoja naye. Kwenye sifuri kulisikika mvumo mkali kama wa kitambaa kikubwa kinachochanwa. Kina mama kadhaa walichuchumaa chini kabla ya kujua wamechuchumaa. Miili yao ilikuwa na kumbukumbu yake. Kisha waliona hakuna kitu kibaya, ila mstari mweupe wa moshi na kitu kidogo kinachopanda, wakasimama wakipangusa magoti na kuchekana. Makofi yalianza kabla roketi haijafika kileleni. Cyprien mwenyewe alipiga makofi, kichwa nyuma, kinywa wazi.

Kwaya ikaanza kuimba.

Priscille alisikia mlio mdogo juu, na akaona kipande kikitoka, lakini kilitoka nyuma. Kichwa kilikuwa kimeshikilia, na baruti ilikuwa imeitupa injini yenyewe nje kupitia mkia. Hakuna chekundu kilichofunguka. Roketi iliinamisha ncha. Na huko juu upepo haukuwa ule wa uwanjani. Uliisukuma upande wa turubai.

"Angalieni juu," alipaza sauti. "Muondoke pale. Juu, juu."

Larissa alikuwa ameacha kupiga makofi. Yeye peke yake alielewa. Wengine waliona mwalimu akionyesha angani na wakadhani ni furaha, wakaonyesha nao.

Gloire, msichana wa mwaka wa kwanza, alikuwa akipiga ngoma nje kidogo ya turubai, ameinamisha uso kwa sababu mdundo ule ulikuwa mgumu kwake. Roketi ilimpata juu ya nyusi ya kushoto.

Jicho lilipona. Daktari aliliangalia kwa muda mrefu, akasema kwamba kitu kingeshuka kidogo tu zaidi na wangekuwa wanazungumza mambo mengine, kisha akashona. Priscille alikaa hospitalini hadi wazazi wa Gloire walipomwomba aende nyumbani. Hawakumtukana. Baba aliuliza tu, mara mbili, kitu chepesi vile kimewezaje, na Priscille akamweleza kuhusu mwendo kasi, na baba akasema asante, kwa namna ya mtu anayetaka sauti ile inyamaze.

Larissa alikuwa ameiokota roketi na kuiweka labo. Bomba lilikuwa limekunjika katikati, lakini mdomo wake ulikuwa mzima, na kichwa kilikuwa kimekaza ndani yake kama mzizi. Priscille alikiangalia bila kukigusa. Ushahidi uko, aliwaza. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Komite ilikutana Jumatano, humo humo labo, wajumbe wakiwa wameketi kwenye vigoda vya wanafunzi. Mjini habari ilikuwa imekwisha tulia katika umbo lake: kitu kilipanda vizuri kwa sababu kilibarikiwa, na kilianguka kwa mtoto kwa sababu mwalimu aliipangusa baraka. Priscille alikuwa ameisikia sokoni, na shuleni, na kwa mwenye nyumba wake. Haikumsumbua sana. Jambo lenye sababu linaweza kuelezwa.

Akaeleza. Balsa ni mbao yenye matundu mengi. Ikipata maji inavimba. Bomba la karatasi pia linavimba, na likivimba linabana. Kichwa hakikutoka, parashuti haikutoka. Alizungumza kwa utulivu, bila kumtaja mtu. Abbé Blanchard, aliyeketi karibu na dirisha, alikuwa ameweka mikono magotini.

Cyprien alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua roketi mezani, akaigeuza, akakishika kichwa kwa vidole viwili na kukivuta.

Kilitoka bila sauti.

Tangu Jumamosi chumba kilikuwa kimepigwa na jua kupitia madirisha yale makubwa. Priscille alikitazama kichwa kwenye kiganja cha Cyprien na kuelewa papo hapo. Kilikuwa kimekauka na kurudi kama walivyokisugua.

"Inatoka muzuri," alisema Cyprien. Hakuwa na ubaya katika sauti. "Mimi siko mutu ya fizikia, Madame. Nionyeshe penye imevimba."

"Imekauka. Siku ile ilikuwa imekaza."

"Nani aliona?"

Angeweza kunyamaza hapo. Wangesema roketi ilitengenezwa vibaya, au alama ya kuuliza ingebaki hewani, na labda mjumbe mmoja au wawili wangekuwa upande wake. Lakini swali lilikuwa wazi, na jibu lake lilikuwepo.

"Mimi. Nilikijaribu kwa mukono yangu."

"Ulijaribu lini?"

"Mbele ya kuirusha."

Kigoda kimoja kililia sakafuni. Cyprien alikiweka kichwa cha balsa mezani, polepole.

"Basi ulijua haitafunguka."

"Nilijua inaweza isifunguke."

"Na uliirusha."

"Ndiyo."

"Juu ya batoto."

"Upepo ulikuwa unaelekea mlimani," alisema Priscille. "Ndiyo."

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Priscille aligeuka kwa Abbé Blanchard, kwa kuwa bado kulikuwa na jambo moja la kweli ambalo lilikuwa lake yeye kulisema: kwamba aliombwa, mapema, na kwa sababu iliyoelezwa. Abbé Blanchard alifumbua midomo. Alisema wamwombee Gloire, na wakasimama, wakamwombea. Kura zilipigwa kwa kuinua mkono. Hazikuhitaji kuhesabiwa.

Mlangoni Abbé Blanchard alimngoja.

"Nilipaswa kusema kitu, mwalimu."

"Ndiyo," alisema Priscille, na akampita.

Mafundi walianza kung'oa masinki wiki ile ile. Mizani na prismu viliwekwa stoo pamoja na mapazia ya plastiki na viti vya kukodi. Masista walimtafutia Priscille saa za hesabu katika seksheni ya biashara. Larissa alipata nafasi katika shule nyingine, mbali, na alipokuja kuaga alizungumza mfululizo juu ya nauli, juu ya sare mpya, juu ya mwalimu wa huko aliyesemekana kuwa na ndevu, na hakutaja roketi.

Mama yake Priscille alikuja Jumapili moja. Aliketi jikoni akachambua maharagwe aliyoleta. Kisha akasema, akiwa ameinama juu ya ungo:

"Kule Kavumu banasema maji yangu njo ilitoboa mutoto ya bantu."

"Sikusema hivyo, maman."

"Ulisema maji. Maji ilikuwa ya nani?"

Priscille aliisogeza sufuria karibu na ungo.

"Mu groupe ya bamama sasa nikiingia bananyamaza. Juzi nilipeleka kidumu kanisani, mumoja akaniuliza kama ni ya kuogesha ao ya kupiga." Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa mlangoni. "Ungesema tu ni upepo."

"Haikuwa upepo."

"Minajua haikuwa upepo. Mimi siko mujinga. Nilikuona vile uliacha kupangusa. Nilijua uliacha ju yangu, nisipate haya." Alichambua tena. "Lakini wale bantu hawakukuita ju ya kujua ukweli, mwana wani. Balikuita ju ya kumaliza."

Maharagwe yalianguka kwenye sufuria, machache machache. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki.

"Niambie kitu moja," alisema Maman Georgette. Safari hii aliinua macho. "Kama singekuja na maji, ile kitu ingefunguka?"

Lilikuwa swali lenye jibu. Injini ilikuwa ya aina ile ile, kichwa kilikuwa kimesuguliwa vizuri, na mara ya kwanza kilitoka kama kilivyopaswa kutoka.

"Ndiyo," alisema Priscille.

Mama yake alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata bei aliyoitarajia. Aliyamaliza maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo, yote, akaufuta ungo kwa kiganja, akaufunga mzigo wake, na ingawa alikuwa amekuja kulala, akaenda kutafuta basi la Kavumu kabla giza halijaingia.